Mimea mutanti katika utafiti wa mikoriza: mwongozo kamili kuanzia mbegu hadi hadubini

Ukitaka kujua kuvu za mikoriza, yaani zile zinazoishi mizizini na kubadilishana chakula na mmea, zinaufaidisha mmea kiasi gani, lazima uwe na mmea wenye kuvu na mwingine usio nazo, uvilinganishe. Kuupata huo wa pili ndiyo kazi. Njia iliyozoeleka ni kuua kuvu kwa kuupika udongo kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo), nyuzi joto 121, kisha kurudisha kuvu kwenye nusu ya vyungu. Lakini moto hauchagui. Bakteria hufa, minyoo fundo hufa, na manganizi na amonia iliyokuwa imeshikwa na udongo huachiliwa, pengine kwa kiwango cha kuudhuru mche. Ukiona tofauti baada ya wiki 6, huwezi kuapa kwamba imetokana na kuvu.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: udongo unaachwa ulivyo, kinachobadilishwa ni mmea. Unatumia mmea mutanti, yaani ule ambao jeni yake moja inayohitajika kupokea kuvu imeharibika, na kando yake unapanda ndugu yake mzima. Nimewaandikia wanafunzi wa uzamili na watafiti wenye hadubini ya kawaida, jiko la umeme na kibanda cha kuoteshea. Mashine ya PCR, ya kunakili vipande vya DNA ili kuvitambua, ikiwepo ni heri. Hadubini ya leza si lazima.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1989 Gérard Duc na wenzake wa Dijon, Ufaransa, walitangaza njegere na baklia (maharage mapana) za kwanza zilizokataa mikoriza. Mimea hiyo ilikuwa imeteuliwa kwa sababu haikutoa vinundu vya rizobia, bakteria wanaoipatia mikunde naitrojeni; walipoipima kwa kuvu, baadhi ikakataa nazo pia. Ndipo ilipojulikana kwamba bakteria wa vinundu na kuvu za mikoriza wanatumia sehemu ya mlango mmoja.

Kwanza uelewe kinachotokea mzizini

Usiruke sehemu hii, maana bila hiyo hutajua unatafuta nini chini ya hadubini.

Mmea wenye njaa ya fosfeti hutoa mizizini kemikali ziitwazo strigolaktoni. Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walionyesha mwaka 2005 kwamba kemikali hizo hufanya nyuzi za kuvu zichipue matawi. Kuvu nayo hutoa ishara zake, na ndani ya kiini cha seli ya mzizi kalsiamu huanza kupanda na kushuka kwa mapigo. Protini za CASTOR na POLLUX hukaa kwenye utando wa kiini na kuyawezesha mapigo hayo. CCaMK huyasoma, kisha CYCLOPS huwasha jeni zinazofuata. SYMRK iko mwanzoni zaidi mwa mlolongo huu, kwenye utando wa seli.

Mlango ukifunguliwa, uzi wa kuvu hujibandika juu ya mzizi kwa kituo bapa kiitwacho hifopodio, hupenya ngozi ya mzizi, huingia gamba la ndani, na hatimaye hujigawa ndani ya seli moja moja kuwa abaskuli, umbo lenye matawi mengi membamba kama mti mdogo. Hapo ndipo biashara inapofanyika. Kuvu hutoa fosfeti, na mmea huipokea kwa kibebeo kiitwacho PT4 kwenye Medicago (mmea mdogo wa jamii ya kunde) au PT11 kwenye mpunga. Mmea nao hulipa kwa sukari na mafuta. Habari ya mafuta ilithibitishwa na makundi kadhaa mwaka 2017. RAM2 hushiriki kuyatengeneza, na protini za STR na STR2 zinadhaniwa kuyavusha kwenda kwa kuvu.

Kila jeni niliyoitaja ina mutanti wake, na kila mmoja husimama kwenye hatua yake. Thamani yao yote iko hapo.

Hatua ya 1: Chagua mmea

Wengi hukimbilia Arabidopsis kwa kuwa ndiyo mmea wa maabara unaojulikana kuliko yote. Hapa hautufai. Jamaa zake wa familia ya kabichi, sukuma wiki na haradali hawashirikiani na kuvu hizi, na sehemu kubwa ya jeni zinazohusika walishazipoteza.

Waliobaki mezani ni Medicago truncatula na Lotus japonicus, zote mbili za jamii ya kunde, pamoja na mpunga, nyanya na mahindi. Medicago na Lotus zina hazina kubwa ya mutanti: mkusanyiko wa Tnt1 kwa Medicago na wa LORE1 kwa Lotus, ambamo kipande cha DNA kinachohama kimevunja jeni elfu nyingi. Ubaya wake kwetu ni kwamba mimea hii hupenda ubaridi, na kibanda cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kitaitesa. Kwa maabara ya pwani ningependekeza mpunga: unastahimili joto, mbegu ni kubwa, mizizi yake myembamba hushika rangi vizuri, na mutanti wa CASTOR, CCaMK, CYCLOPS, D14L na PT11 wote wameelezwa katika machapisho.

Nyanya ina sifa yake. Mutanti aitwaye rmc, aliyeelezwa Australia mwaka 1998 pamoja na ndugu yake mzima 76R, ametumika shambani, kwenye udongo usioguswa kabisa. Baadaye ilionekana kwamba amepoteza kipande cha kromosomu chenye jeni ya CYCLOPS. Lakini kuvu zote hazimheshimu: nyingine hukomea juu ya mzizi, nyingine huingia ngozi tu, na ipo iliyofika hadi gamba. Ukimtumia, jaribu kwanza na kuvu zako mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua mutanti, na umchagulie ndugu

Usichukue mmoja tu. Chukua angalau wawili wanaokwama mahali tofauti: wa mlangoni, mfano castor au ccamk, na wa ndani, mfano pt11 au str. Wa kwanza anakuonyesha maisha bila kuvu. Wa pili anakuonyesha maisha na kuvu isiyoleta faida, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa kila jeni, tafuta mbegu zenye mipasuko miwili tofauti ndani ya jeni hiyo hiyo. Mbegu zilizotibiwa kwa EMS, kemikali ya kuharibu jeni, hubeba mabadiliko mamia kwa maelfu mahali pengine, na mistari ya Tnt1 hubeba vipande vingi kwa wakati mmoja. Mipasuko miwili iliyopatikana kila mmoja kivyake ikitoa sura moja, una haki ya kuilaumu jeni yako. Ukiwa na mmoja tu, unakisia.

Ndugu ndiye nusu ya jaribio. Watu hununua mbegu za aina ya asili kutoka kituo kimoja na mutanti kutoka kingine, halafu wanashangaa mimea ikitofautiana urefu hata bila kuvu. Kinga yake ni hii: panda mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu, uache ujichavushe, kisha upime watoto kwa PCR. Robo watakuwa mutanti kamili, robo wazima kamili. Hao waliotoka tumbo moja, wakakomaa msimu mmoja na kuhifadhiwa mfuko mmoja, ndio wa kulinganishwa. Inakula msimu mzima, na ni msimu unaolipa.

Kuhusu kuingiza mbegu nchini: utahitaji kibali cha afya ya mimea (KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania) na makubaliano ya maandishi na maabara inayotoa. Mbegu zilizohaririwa kwa CRISPR au kuwekewa jeni ngeni zina taratibu za ziada za usalama wa viumbe. Za EMS au mnururisho kwa kawaida ni rahisi zaidi, lakini uliza kabla ya kuagiza.

Hatua ya 3: Andaa kuvu

Kuvu inayotumika zaidi duniani ni Rhizophagus irregularis, hasa aina iitwayo DAOM 197198, ambayo vitabu vya zamani viliita Glomus intraradices. Haioti peke yake kwenye sahani ya maabara. Lazima iwe na mzizi hai. Spora safi hukuzwa kwenye mizizi ya karoti iliyogeuzwa kwa bakteria Agrobacterium rhizogenes.

Usipokuwa na uwezo huo, tengeneza chanjo ya chungu. Panda mtama au vitunguu kwenye mchanga uliotakaswa, weka kuvu, mwagilia miezi 3 hadi 4, kisha uache ukauke polepole ili spora ziundwe. Katakata mizizi, changanya na mchanga wake, na hiyo ndiyo chanjo. Kabla ya kuitumia, chekecha kiasi kidogo kwa maji juu ya chekeche la maikromita 45 uone kama spora zipo kweli.

Vyungu visivyo na kuvu usivipe mchanga mtupu. Vipe kiasi kile kile cha chanjo iliyopikwa, pamoja na maji yaliyooshea chanjo hai na kuchujwa kwa karatasi laini inayozuia spora lakini inapitisha bakteria. La sivyo utakuwa umerudia kosa lile la udongo uliopikwa.

Hatua ya 4: Fosfeti

Matokeo ya jaribio zima yanategemea kipengele hiki. Mmea ulioshiba fosfeti hufunga mlango wenyewe, hata ukiwa mzima. Ukimpa kila mmoja fosfeti nyingi, aina ya asili na mutanti watafanana, nawe utahitimisha uongo.

Mmumunyo wa Hoagland (maji ya madini ya kulishia mimea) ulio kamili una milimola 1 ya fosfeti kwa lita. Chukua wa nusu nguvu, lakini fosfeti yake ishushe hadi maikromola 20 hivi, na potasiamu iliyopotea uifidie kwa kloridi ya potasiamu. Mmumunyo wa nusu nguvu usiopunguzwa una maikromola 500, mara 25 ya kiwango hicho. Naitrojeni iandike na usiibadilishe katikati. Sababu utaiona tukifika kwenye pt4. Mchanga uwe wa kwatzi, uoshwe mpaka maji yatoke meupe, kisha upikwe. Mchanga wa mto usiooshwa vizuri una udongo laini wenye fosfeti yake.

Tenga vyungu vichache vyenye fosfeti nyingi kwa mutanti na kwa ndugu. Wakilingana kwa afya hapo, unajua mutanti si mgonjwa kwa sababu nyingine. Tatizo lake ni kuvu tu. Kama wewe ni mtu wa kubana matumizi, punguza kwingine lakini vyungu hivi usiviguse.

Hatua ya 5: Panda

Takasa mbegu kwa jiki iliyopunguzwa, suuza mara nyingi kwa maji safi. Za Medicago na Lotus zikwaruze kwanza kwa msasa laini mpaka ganda lififie, vinginevyo hazitaota kwa pamoja. Otesha kwenye karatasi yenye unyevu, hamisha miche iliyolingana, na chanjo iwe chini ya mzizi, si juu ya mchanga. Panga mimea 8 au zaidi kwa kila aina na kila siku ya kuvuna, vyungu vikichanganywa mezani bila mpangilio.

Panga tarehe 3 za kuvuna: wiki ya 3, ya 5 na ya 8. Mutanti aliyechelewa na mutanti aliyezuiwa wanafanana kabisa wiki ya 3. Ni wiki ya 8 inayowatenganisha.

Kuna mbinu nyingine ya kujua zaidi, ya mmea mlezi: katika chungu kimoja na mutanti unapanda kitunguu au ndugu mzima aliyekwisha kuingiwa na kuvu. Kuvu inayotoka kwa mlezi ina nguvu na imelishwa. Mutanti wa ram2 huweza kuonekana kupata nafuu kiasi, maana kuvu inapata mafuta kwa jirani. Mutanti wa castor kwa kawaida hubaki vilevile.

Hatua ya 6: Vuna na upake rangi

Hapa sina haja ya kemikali za ghali. Mwaka 1998 Horst Vierheilig na wenzake walichapisha njia ya wino na siki, na mpaka leo ndiyo ninayoipendekeza mbele ya rangi ya tripani bluu, ambayo inashukiwa kusababisha saratani.

Osha mizizi taratibu ndani ya beseni, usiiweke chini ya bomba. Kata vipande vya sentimita 1, vichanganye, chukua sampuli. Viweke kwenye chujio dogo la chai la chuma cha pua lenye mfuniko, lenye lebo ya penseli, maana wino wa kalamu utafutika.

Tayarisha hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10. Vaa glavu na miwani, na daima mimina kemikali kwenye maji, si maji kwenye kemikali. Chombo kiwe cha kioo au chuma cha pua. Sufuria ya alumini italiwa huku ikitoa hidrojeni, na hiyo si hatari ya kuchezea karibu na jiko. Pasha hadi nyuzi joto 90 au 95 na uzamishe chujio kwa dakika 10 hadi 30. Mizizi myembamba ya mpunga huwahi, ya mahindi huchelewa. Imekuwa tayari ikiwa unaona maandishi ya gazeti kupitia kwenye kipande cha mzizi na bado kinakataa kukatika ukikishika kwa kibano. Kikikatika, umekipika mno na abaskuli zimekwenda na maji.

Suuza mara 3, kisha chovya kwenye siki dakika chache ili kuondoa ualikali uliobaki. Ukiruka hatua hii rangi haitashika. Sasa changanya mililita 5 za wino mweusi wa kalamu ya kujaza na mililita 95 za siki nyeupe ya dukani yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5. Pasha, zamisha kwa dakika 3 hadi 5. Hamishia kwenye maji yenye matone machache ya siki kwa dakika 20 au usiku kucha, mpaka mzizi uwe mweupe na nyuzi zibaki zimekoza. Si kila wino unafanya kazi. Sheaffer nyeusi ilikuwa miongoni mwa zilizofaulu. Wino mwingine ujaribu kwanza kwenye mizizi ya kitunguu unayojua ina kuvu.

Hatua ya 7: Hesabu

Panga vipande sambamba kwenye kioo cha hadubini, weka gliserini ya asilimia 50, funika. Kwa ukuzaji wa mara 200, pitisha mstari wa kipimo cha jicho ukikata vipande kwa pembe mraba. Kila mkato, andika unachokiona: hakuna, uzi wa nje na hifopodio, uzi wa ndani, abaskuli, vesiko (vifuko vya akiba vya kuvu). Fikisha mikato 100 au zaidi kwa mmea mmoja. Mtu mwingine afiche lebo kabla hujaanza. Jicho la mtafiti lina upendeleo, na abaskuli iliyodumaa ni rahisi kuiona pale unapoitaka.

Usiandike asilimia moja tu ya jumla. Asilimia ya jumla inaficha kila kitu: mmea wenye nyuzi nyingi bila abaskuli na mmea wenye abaskuli kamili wanaweza kupata alama moja.

Hatua ya 8: Soma anachokwambia mutanti

Huoni hata hifopodio: kuna hitilafu kabla ya kugusana. Mutanti wa D14L kwenye mpunga huonekana hivyo. Mutanti wasioweza kutengeneza strigolaktoni, kama d10 na d17, hupungukiwa na kuvu lakini zile zinazofanikiwa kuingia hujenga maumbo ya kawaida.

Hifopodio zipo, pengine zimevimba, lakini uzi unakufa kwenye ngozi: fikiria SYMRK, CASTOR, CCaMK. Kama mmea wako ni wa jamii ya kunde, mpe rizobia pia. Akikosa na vinundu, jeni iko kwenye njia ya pamoja. Vinundu vikiwepo, tafuta upande wa RAM1 na wenzake, jeni za mikoriza peke yake.

Kuvu imo ndani lakini abaskuli ni ndogo: hapo pana utamu wa kisayansi. Kwenye pt4 abaskuli hukua, kisha hufa mapema na kujigawa kwa kuta za ndani, kana kwamba mmea unamfukuza mpangaji asiyelipa. Lakini kundi la Maria Harrison lilionyesha mwaka 2011 kwamba mmea huo huo ukinyimwa naitrojeni, abaskuli zake hudumu. Ndiyo maana nilisisitiza uandike naitrojeni. Maabara mbili zenye mbegu moja na kuvu moja zinaweza kubishana miaka kwa sababu ya mbolea.

Hatua ya 9: Thibitisha jeni

Ukiwa na mutanti mpya uliyempata mwenyewe, mchavushe na aina ya asili, kisha uangalie kizazi cha pili. Kwa jeni moja fiche, kati ya mimea 40 tarajia takriban 10 isiyo na kuvu, na PCR ionyeshe kwamba hiyo 10 yote ina nakala mbili mbovu. Mmoja tu akivunja kanuni, rudi nyuma. Mchavushe pia na mutanti anayejulikana: watoto wakiwa wabovu, jeni ni ile ile.

Ushahidi wa mwisho ni kurudisha jeni nzima. Kwa Medicago na Lotus, Agrobacterium rhizogenes hukupa mizizi iliyobadilishwa kwa wiki chache, juu ya shina lisilobadilishwa. Mpunga hauna njia hiyo ya mkato. Inabidi kubadilisha mmea mzima.

Swali linalofaa kujaribiwa huku kwetu

Kiduha (Striga), gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, hunusa strigolaktoni zile zile zinazoita kuvu, na ndivyo anavyojua mizizi ya mtama na mahindi ilipo. Baadhi ya mtama wa Afrika una mutanti wa asili kwenye jeni ya LGS1: badala ya strigolaktoni iitwayo 5-deoksistrigoli, mizizi yake hutoa zaidi nyingine iitwayo orobankoli, ambayo haiamshi vizuri mbegu za kiduha. Mwaka 2017 ndipo jeni hiyo ilipotambuliwa. Orobankoli huzifanya nyuzi za kuvu zichipue matawi, kwa hiyo matarajio ni kwamba mtama huo haupotezi mikoriza. Matarajio hayo yapimwe kwa udongo wa kwetu na kuvu za kwetu, si kwa DAOM 197198 peke yake.

Chukua familia inayogawanyika kwenye LGS1, tenga ndugu kwa PCR, panda kwenye udongo hai wa shamba lenye kiduha na lisilo nacho, fosfeti ya chini na ya juu. Vuna wiki ya 3 na ya 5 kabla kiduha hakijachomoza, maana kikishatoka hunyonya mtama na kuvuruga hesabu ya mizizi. Sampuli ya mizizi igawe mara mbili: nusu kwa wino, nusu kwa kipimo cha strigolaktoni. Kama huna mashine ya kupimia, otesha mbegu za kiduha kwenye maji yaliyopita mizizini na uhesabu zilizoota. Mbegu hizo uziandae kwanza kwa unyevu na joto la nyuzi 28 hadi 30 kwa wiki moja au mbili, vinginevyo hazitaitikia ishara yoyote, na mtama wako utaonekana sugu bila kuwa sugu.